Walichopiga Marufuku ni Hadhira

Sehemu bora ya Echoes of War haimo kwenye skripti. Ilichezwa mara moja tu, asubuhi ya 10 Aprili 2025 mjini Nakuru, kwenye tamasha za kitaifa za drama, na ilichukua dakika chache. Wasichana wa Butere Girls waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Basi. Hakuna mhusika aliyefungua mdomo, hakuna aliyepiga makofi. Lakini kama kuna mchezo wa shule ambao Kenya itaukumbuka, ni huo.

Naandika nikiwa Kakamega, kaunti yenye Butere yenyewe, pale reli ya kutoka Kisumu inapoishia. Huku kila mtu ana maoni kuhusu mchezo huo, na wengi hawajauona zaidi ya vipande vya video kwenye simu. Kwenye stage ya bodaboda utaambiwa Malala ni shujaa. Vuka barabara uingie kibanda cha chai, utaambiwa Malala ni mjanja tu. Wasichana hawatajwi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, siku hizi nalipwa kwa kila makala, na fasihi ninayoijua nyingi niliipata kwenye drama ya shule ya upili. Kwa hivyo siasa waachieni wenyewe kidogo. Tuangalie hii kitu kama mchezo.

Skripti ni ya Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wetu. Inatupeleka kwenye ufalme wa kubuni huko Mashariki ya Kati, uliotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambako vijana hawaamini tena njia za wazee na siasa yao wameihamishia mitandaoni. Mkenya aliyekuwa macho Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, hahitaji ramani kujua ufalme huo uko wapi. Na kwangu mimi huo ndio udhaifu wake. Fumbo ambalo jibu lake limebandikwa mlangoni halimpi mtazamaji kazi yoyote.

Linganisha na Francis Imbuga, mtu wa hapa jirani Maragoli. Katika Betrayal in the City, ya 1976, nchi yake aliiita Kafira. Alizichanganya tu herufi za Afrika. Lakini watu wa Kafira wana ucheshi, woga na tamaa kama majirani zako, ndiyo maana wanauma. Tena ndani ya tamthilia hiyo kuna mchezo mwingine: wafungwa wanafanya mazoezi ya igizo la kumkaribisha mgeni wa heshima, na katikati ya mazoezi igizo linageuka kuwa kweli. Bunduki ya jukwaani inakuwa bunduki.

Serikali haikukiogopa kitabu hicho. Mwaka wa 1977 mchezo huo ulikwenda Lagos kuiwakilisha Kenya kwenye FESTAC. Mwaka huohuo, kule Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandaa Ngaahika Ndeenda na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, kwa Kikuyu, mbele ya watu wa kijiji. Ukapigwa marufuku, na mwaka ulipoisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Mwaka ni mmoja, nchi ni moja. Tofauti kubwa ilikuwa ni nani ameketi kutazama.

Hapo ndipo Nakuru inaeleweka. Mwaka wa 2013 Butere hao hao, na Malala huyo huyo, walikuwa na Shackles of Doom, kuhusu ugavi wa rasilmali na ukabila. Ulipigwa marufuku waziwazi. Okiya Omtatah akaenda kortini, Jaji David Majanja akaondoa marufuku, wasichana wakacheza. Mwaka wa 2025 Mahakama Kuu ya Kisii iliamuru tarehe 3 Aprili kwamba Echoes of War uruhusiwe kuchezwa. Safari hii serikali haikuhitaji kubishana na Kifungu cha 33 cha Katiba kinacholinda ubunifu wa kisanii. Usiku wa kuamkia maonyesho Malala alikamatwa. Asubuhi polisi walizingira eneo, wanahabari na watazamaji wakazuiwa, vitoa machozi vikarushwa. Mchezo uliruhusiwa. Kilichopigwa marufuku ni hadhira.

Wasichana waliusoma mtego huo haraka kuliko mawakili. Wangecheza mbele ya viti vitupu, kesho yake ingeandikwa kwamba amri ya korti imetiiwa na kila mtu ameridhika. Wakakataa kuwapa hiyo. Na hawakukataa kwa kugoma chumbani. Walikuja, wakasimama, wakaimba wimbo ambao kila afisa aliyevaa sare anatakiwa kuusimamia wima. Muziki wake ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Siku hiyo watoto ndio waliouimba, na watu wazima ndio waliokuwa wakihangaika nje.

Kuna uchokozi wa aina mbili katika sanaa. Mei 2013, Boniface Mwangi na wenzake walipeleka nguruwe na damu nje ya Bunge kupinga wabunge waliotaka mishahara zaidi. Ilikuwa chafu, ilieleweka papo hapo, na aliyekamatwa ni yeye aliyebuni. Hiyo naiheshimu. Aina ya pili ni ile ambapo mtu mzima anaandika maneno na mtoto ndiye anayeyabeba. Malala alilala seli, hilo tusilifute. Lakini pia alikuwa Katibu Mkuu wa UDA hadi 2024, na ufalme wake wa kubuni uliwahi kuwa chama chake. Waziri wa Elimu Julius Ogamba alipouliza mwanasiasa asiye mwalimu anafanya nini na wanafunzi, swali lilikuwa halali. Shida ni kwamba swali kama hilo huulizwa kwenye kamati ya skripti, mapema, kwa kalamu. Huwezi kuliuliza kwa vitoa machozi halafu useme unawalinda watoto.

Ndiyo maana nasema wimbo ule ni bora kuliko skripti. Kwenye skripti wasichana waliigiza hasira ambayo mtu mwingine aliwaandikia. Pale ukumbini hasira ilikuwa yao, na uamuzi ulikuwa wao, na kama kungekuwa na adhabu ingekuwa yao.

Ninachohofia sasa ni mwalimu wa drama wa shule ndogo huko Lurambi au Navakholo. Ataketi na skripti mbili mezani: moja inayosema kitu, nyingine kuhusu usafi wa mazingira. Hahitaji kupigiwa simu na yeyote. Atachukua ya mazingira, na hakuna korti inayoweza kufuta marufuku aliyojiwekea mtu mwenyewe kichwani.

Kwa huyo mwalimu nina ombi moja. Kabla hujatafuta mwandishi mwenye jina, wape wanafunzi wako karatasi. Wale wa Butere walionyesha kwamba wanajua kumaliza mchezo. Kuuanza hakuwezi kuwashinda.