Kinga, Saratani na Istilahi Zipotoshazo

Istilahi ya kisayansi haina budi kupimwa kwa mambo mawili: kwanza, kama yataja kazi halisi ya kitu, pili, kama yamwepusha msomaji na dhana potofu. Kwa kipimo hicho na tuzitazame istilahi zimkabilizo mfasiri anapotaka kueleza habari za kimeng'enya kiitwacho TBK1.

Virusi vinapoingia katika seli, na DNA yake ikagunduliwa nje ya kiini, mahali isipostahili kuwapo, ishara hupelekwa kwenye protini iitwayo STING, nayo huamsha TBK1. Kimeng'enya hiki huchukua fosfati kutoka katika ATP na kuibandika juu ya protini nyingine, IRF3, ambayo huingia ndani ya kiini na kuanzisha utengenezaji wa interferoni zinazozitahadharisha seli jirani. Huo ni ulinzi. Lakini utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba baadhi ya seli za saratani zenye jeni ya KRAS iliyobadilika zilitegemea TBK1 hichohicho ili zisife.

Kwa hiyo jina "kimeng'enya cha kinga" ni nusu ya ukweli, na "kimeng'enya cha saratani" ni nusu ya pili. Mgonjwa akielezwa kuwa dawa fulani huzuia "kimeng'enya cha kinga" aweza kuikataa kwa hofu. Akielezwa kuwa ni "cha saratani" atadhani mtu mwenye afya hana kitu hicho mwilini. Yote mawili si kweli.

Neno "kimeng'enya" nalo lina upungufu, kwani latokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula, hali TBK1 hubandika. Hata hivyo neno hili limekwisha kuota mizizi madarasani, na kuling'oa leo kutawavuruga walimu bila faida. Lifaalo ni kuongeza chini yake jina la aina: "kinasi", yaani kimeng'enya kibandikacho fosfati. Tena neno hili lifuate ngeli ya ki-vi, kinasi hiki, vinasi hivi, kama "kitabu" kilivyofanya kilipotoka Uarabuni. Wapo watakaosema kwamba linakaribiana mno na "kinasa". Hoja hiyo ina uzito katika mazungumzo, lakini fasili iliyo wazi yatosha kuiondoa katika maandishi.

Limebaki jina la ulinzi wenyewe. "Kinga ya kurithi" haifai, kwa kuwa yadokeza kwamba ukoo mmoja unayo na mwingine hauna. "Kinga ya asili" ina hatari zaidi: msomaji aliyezoea "dawa za asili" atafikiria mitishamba, pengine hata mazindiko. Sisi twapendelea "kinga ya kuzaliwa nayo", ikabiliane na "kinga ya kujipatia", ile mwili unayoipata kwa kuugua au kuchanjwa. Ni ndefu, lakini haimdanganyi mtu.

Twawashauri wafasiri, kabla ya kuunda jina, waulize kitu hicho kinafanya nini, wala wasiulize kinatufaa au kinatudhuru. Manufaa na madhara hubadilika kwa mahali na wakati. Kubandika fosfati hakubadiliki.