Upinde wa Kwanza

Wahakiki wetu wamezoea kutumia mizani ya fani na maudhui kupimia mashairi, tamthilia na riwaya. Vinyago navyo vimepata wahakiki wake, hasa vile vya Wamakonde. Upinde haujapata. Yamkini ni kwa sababu wanaouelewa hawaandiki, na wanaoandika wanauona kuwa ni pambo la ukutani. Hata hivyo hapa Karatu, kando ya barabara kuu iendayo Ngorongoro, pinde zimesimamishwa madukani pamoja na shanga, vinyago na mikuki, na kila msimu wa watalii watu huzitazama, huzilinganisha, hupatana bei na kuzinunua. Kwa hiyo uhakiki unafanyika, ila ni uhakiki wa macho. Mimi napenda tuujaribu kwa mkono.

Swali langu linahusu upinde wa kwanza wa mtu: uchaguliwe kwa vigezo gani? Nauchagua wa kwanza kwa makusudi. Mlengaji mzoefu akipewa chombo kibaya hukigundua, akakirekebisha au akakitupa. Anayeanza hana uwezo huo. Chombo ndicho mwalimu wake, na mwalimu akiwa mbovu mwanafunzi hujilaumu mwenyewe, akadhani hana kipaji.

Tuanze na upinde wa dukani. Kwa fani si haba. Mti wake umenyooka, umepakwa rangi ya viatu ukang'aa, umechomwa michoro kwa chuma cha moto, na katikati umevishwa kipande cha ngozi ya mbuzi. Kamba ni ya nailoni. Aghalabu huuzwa pamoja na podo na mishale michache yenye vyuma vya kutisha, na vile vifupi husemwa kuwa ni vya watoto. Sasa uvute. Katika vile nilivyovivuta mimi, vingine havikupinda hata kidogo, na vingine vilipinda upande mmoja huku upande wa pili ukibaki kama mpini wa jembe. Kosa halikujificha. Upinde mzuri hupungua unene taratibu kutoka katikati kwenda kwenye ncha zote mbili, ili ukivutwa kila sehemu ya mti ibebe mzigo wake. Huu wa dukani umechongwa unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana hivyo ndivyo unavyopendeza ukisimamishwa. Na ule wa mtoto ndio mbaya kuliko wote. Ukiukata mti ukawa mfupi bila kuupunguza unene, unauongezea ugumu. Fundi amemtengenezea mtoto upinde ambao hata baba yake hauwezi.

Kutoka hapo teremka hadi Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Watu wengi wanaijua Mang'ola kwa vitunguu, na ni kweli mashamba ya vitunguu yamelizunguka eneo lote lenye maji. Lakini ukiyaacha mashamba ukaingia kwenye mawe na miiba, utawakuta Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na zaidi kidogo, ambao baadhi yao hadi leo huishi kwa mizizi, matunda, asali na nyama ya mshale. Kwao mtoto wa kiume hupewa upinde akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, umri ambao kwa wengi wetu mtoto bado anafungwa vifungo vya shati.

Upinde wa mtu mzima wa Kihadzabe ni chombo kizito. Watafiti waliozipima pinde hizo walikuta kwamba nyingi zinadai nguvu ya kilo 30, na nyingine zaidi. Chukua ndoo ya maji ya lita 20, ongeza nusu ya ndoo nyingine, kisha jaribu kuinua kwa vidole vya mkono mmoja. Hapo utapata picha. Kamba yake ni kano za mnyama zilizosokotwa. Mishale ni ya aina mbalimbali: wa ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, wa kigumba cha chuma kwa wakubwa kiasi, na wenye sumu ya mimea kwa wakubwa kabisa. Chuma aghalabu ni msumari uliofuliwa, na wahunzi wa Kidatoga wamekuwa wakiwauzia au kubadilishana nao vigumba kwa muda mrefu. (Mishale hiyo hubadilisha wenyewe pia kwa mchezo wa kamari uitwao lukuchuko, ambapo wanaume hurusha vipande vya magome mtini. Mtu huweza kuamka na mishale kumi akalala na mmoja.)

Mtoto hapewi chombo cha namna hiyo. Upinde wake ni fito. Ni mdogo kwa urefu, kwa unene na kwa nguvu vilevile, na mishale yake ni vijiti vilivyochongwa ncha, bila chuma wala sumu. Hauna mapambo ya kuuzungumzia. Mhakiki anayetazama fani peke yake ataupita bila kugeuza shingo. Ila mpe mwenyewe auvute, uone jinsi unavyotii. Mkono mdogo unaufikisha mwisho wa mvuto, kidole kinaachia kamba pasipo kutetemeka, na mshale unakwenda. Atarudia hivyo siku nzima, akishindana na wenzake kupiga kitu kilichowekwa mbele yao, kisha ndege, kisha panya na pimbi. Mkono ukikua, upinde unabadilishwa, kama vile viatu vinavyobadilishwa. Maudhui ya upinde huo, kama neno hilo linaruhusiwa hapa, ni kwamba unavutika mpaka mwisho. Upinde usiovutika mpaka mwisho humfundisha mtoto kuachia nusu njia, na mazoea hayo hayamtoki upesi.

Nilipotaka kujua kama kuna watu wengine waliofikiri kwa makini juu ya chombo cha kwanza cha mlengaji, nilijikuta nikisoma mambo ya mbali kabisa na Eyasi: mchezo wa kushindana kulenga kwa bastola huku mchezaji akitembea, akigeuka na kupita vizuizi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, nchini Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la Marines. Kauli mbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini yanayohusu usahihi, nguvu na kasi. Jirani zetu wa Kenya nao wana wachezaji wa michezo ya jamii hii. Hapa kwetu mwananchi wa kawaida hana mazoea na bastola, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuimiliki pasipo kibali. Kwa hiyo simshauri mtu akanunue. Nimevutiwa na hoja yao tu.

Hoja yenyewe iko katika hesabu ya alama. Alama za mchezaji hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Nguvu nayo hupimwa: uzito wa risasi huzidishwa kwa mwendo wake, na risasi isiyofikia kiwango cha 125 haihesabiwi. Katika madaraja yanayoruhusu risasi nzito zaidi, kiwango cha juu huanzia 160 au 170. Anayeanza huvutwa na bastola kubwa yenye mshindo, kama mnunuzi wa Karatu anavyovutwa na kigumba cha kutisha. Lakini risasi ikipiga katikati ya shabaha, nzito na nyepesi zote hupata alama 5. Tofauti huonekana pembeni, ambapo nzito hupewa 4 na nyepesi 3. Maana yake, nguvu ni fidia ya kukosa katikati, na fidia hiyo hulipiwa kwa muda, kwa sababu bastola ikirusha mkono juu lazima mtu asubiri irudi shabahani. Ndiyo maana wazoefu humwelekeza mgeni kwenye bastola ya milimita 9 yenye ukubwa kamili, kama Glock 17 au CZ 75, ili mradi kiganja kiishike yote na kidole kifikie kifyatulio bila kunyooshwa. Fedha inayobaki, wanamwambia, ainunulie risasi za mazoezi. Mtoto wa Eyasi amefika hapo bila hesabu: chombo chepesi, na mishale mingi isiyo na gharama ikipotea vichakani.

Hapo ndipo ulinganisho unapofika mwisho. Mchezo wa bastola hujiita wa vitendo, lakini shabaha zake ni karatasi na vibao vya chuma, na hukumu hutolewa na mtu mwenye saa. Pimbi hana saa. Akikoswa anaingia kwenye mwamba, na jioni hakuna nyama. Hakimu wa upinde wa Eyasi ni mnyama mwenyewe, na hakuna awezaye kumkatia rufaa.

Ukipanda Ngorongoro utaona sheria ileile kwa sura nyingine. Eneo la hifadhi lilianzishwa mwaka 1959, Wamasai wakiruhusiwa kuishi na mifugo yao, wakati uwindaji haukubaliwi. Mvulana mchungaji hupewa fimbo. Mkuki ni wa moran. Miaka mingi na fimbo humfundisha kusimama, kuona na kupima umbali kabla hajakabidhiwa chuma. Madukani, bila shaka, mkuki huuzwa kwa yeyote. Wapo wanaoucheka mkuki wa watalii kwa kuwa hukunjuliwa vipande vitatu uingie katika begi. Wanauonea bure, kwani mkuki wa Kimasai wa kawaida nao una sehemu tatu: jani refu la chuma, mshikio wa mti na mkia wa chuma. Kosa la ule wa dukani liko kwenye uzito. Uunyanyue kwa kidole kimoja hapo kwenye mshikio uone unavyoinamia upande mmoja. Mkuki usiosimama sawa mkononi hautakwenda sawa hewani.

Sina ugomvi na anayeuza kwa watalii. Barabara ya Karatu inalisha watu wengi, na kijana anayechoma michoro kwenye mti amepata ada ya shule kwa njia ya halali. Wala sikubaliani na wale wanaolia kwamba kila kinachouzwa kimekufa. Ninalolihofia ni jingine. Siku hizi wageni hufika Eyasi alfajiri, hufuatana na wawindaji, na baadaye huwekewa shabaha ili nao wajaribu. Mgeni hushindwa kuuvuta upinde wa mtu mzima, akapewa mwepesi zaidi, akafurahi, akalipa. Wavulana wanatazama. Shabaha ile haikimbii, iko umbali uleule kila siku, na inalipa hata ukiikosa. Mvulana anayekua mbele ya shabaha hiyo atajifunza kulenga, sina shaka, lakini upinde wake utahukumiwa na mgeni, na hukumu ya mgeni tumekwisha kuiona kule dukani.

Kinga ya jambo hili haiko kwa mafundi. Iko katika ardhi. Upande wa Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja mwaka 2011, na pori lenye hati lina nafasi ya kubaki na wanyama. Karibu na Mang'ola kitunguu kinasogea na ng'ombe wanasogea. Panapokosekana pimbi na ndege, fito ya mtoto inabaki kuwa fito.

Niliwahi kumuuliza mwenye duka mmoja kwa nini haweki pinde za namna hiyo. Alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu," akasema, "hicho kijiti nani atakinunua?" Hakusema uongo. Nimeviona vikivunjika kule Eyasi. Hakuna anayeviwekea kumbukumbu: kipande kimoja kinatiwa motoni, kingine kinachimbia mzizi, na mtoto anakwenda na kisu cha kaka yake kutafuta fito nyingine.