Bepari, Myahudi na Mhindi: Juu ya Jina la «Mabepari wa Venisi»

Julius Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, akauchapisha mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Ni rahisi kuliona jina hili kuwa zao la Azimio la Arusha la 1967 na kuishia hapo. Sisi twaona kuwa lazusha swali kubwa zaidi: ni vipi kazi ya wachache hugeuzwa ikawa tabia ya umma mzima?

Shakespeare aliuandika mchezo huu katika miaka ya 1590, ilhali Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290. Watazamaji wake walio wengi hawakuwa na jirani Myahudi wa kumpima. Walikuwa na masimulizi. Kwingi Ulaya, sheria na vyama vya mafundi viliwafungia Wayahudi milango ya kazi nyingi, na ukopeshaji wa riba ukawa miongoni mwa chache zilizobaki wazi. Kisha walichosukumwa kukifanya kikasemwa kuwa ndiyo asili yao.

Mtunzi alitaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, Mkristo; mfasiri ametaja wengi. Kwa wingi huo Antonio na Shylock wametiwa katika tabaka moja, na lawama imetoka katika damu ikaenda katika mali. Hilo si jambo dogo, wala halikubuniwa na mfasiri: mahakamani Shylock awakumbusha waungwana wa Venisi kuwa nao wana watumwa waliowanunua.

Hata hivyo, neno bepari lina historia yake. Asili yake ni lugha za Bara Hindi, na maana yake ya awali ni mfanyabiashara tu. Kwetu, mfanyabiashara huyo alitambulikana kuwa Mhindi mwenye duka. Nchini Kenya serikali ya kikoloni ilimzuia Mhindi kupata shamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Wengi wakashika duka, kisha wakaambiwa wamezaliwa nalo. Njia ni ile ile ya Venisi. Nyerere aliijua hatari hiyo, na Februari 1967 aliandika kuwaonya wanaochanganya ujamaa na ubaguzi wa rangi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, mwenye duka na asiye na duka.

Hukumu yetu ni kwamba jina limesahihisha, ila halitoshi. Ndani ya mchezo tusi lingali «Myahudi», na Shylock alazimishwa kubadili dini. Bepari hapewi adhabu hiyo. Mwalimu anayewafundishia wanafunzi jina bila kuwaonyesha pengo hili huwabadilishia tu mtu wa kuchukiwa. Chuki yenyewe ya kuhukumu watu kwa mafungu huwa ameiacha palepale ilipokuwa.