Fundi wa Magurudumu ya Nyuma

Ukitaka kujua gari lililoshushwa limepitia mikono ya nani, usitazame lilivyokaa chini. Chuchumaa nyuma yake, upapase tairi kwa upande wa ndani. Siku hizi, mara nyingi utagusa waya. Mpira umeliwa ukaisha, na huku nje tairi bado jipya. Mwenyewe alifunga springi fupi alasiri moja, akalipiga picha, basi. Kule nyuma hakuna aliyerudi kuangalia.

Pande za Grogan, jijini Nairobi, yuko mzee ambaye kazi yake huanzia pale wenzake wanapoishia. Nimemtazama akiwa na Subaru Impreza ya kizazi cha kwanza, ambayo gurudumu lake la nyuma hushikwa na mikono miwili ya chuma iliyolala sambamba. Gari likishuka, mikono ile hubadili pembe, na gurudumu huinama na kugeuka pamoja nayo. Kabla ya kugusa spana, mzee husawazisha upepo wa matairi yote. Humketisha mwenye gari kwenye usukani, kwa kuwa gari hupimwa likiwa na mzigo litakaoubeba. Hulisukuma mbele na nyuma, hulikandamiza, mpaka lijikalie lenyewe.

Kisha hutoa mshipi wa kuvulia samaki. Huunyoosha ubavuni mwa gari, usawa wa kitovu cha gurudumu, na mwingine ubavu wa pili, mpaka yote miwili iwe sambamba. Kwa rula ya chuma hupima kutoka mshipi hadi ukingo wa rimu, mbele, halafu nyuma. Milimita 2 zikizidi mahali zisipotakiwa, boliti italegezwa. Mwinamo huupima kwa timazi, ileile ya waashi. "Kemba kwanza, tou baadaye," alimwambia kijana aliyekuwa akimshikia taa, kwa sababu ukirekebisha mwinamo, yaani kemba, umeshavuruga mwelekeo, yaani tou. Na mwelekeo ndio unaokula tairi haraka zaidi, ingawa lawama zote hutupiwa mwinamo.

Lakini lililoniteka ni jambo ambalo hata mwenye gari hakuliona. Vipimo vilipokubali, mzee hakukaza boliti gari likiwa juu ya jeki. Alitelezesha vipande vya mbao nene chini ya magurudumu, akalishusha likalie mbao hizo kwa uzito wake wote. Ndipo akajilaza chali juu ya gunia, akajipenyeza katika nafasi ambayo mimi nisingethubutu kuingia, akakaza pole pole. Mpira wa bushi, ulio kwenye maungio ya mikono ile, haujizungushi kwenye boliti. Umegandishwa kwenye chuma, nao hujinyonga tu gari linapopanda na kushuka. Ukiukaza magurudumu yakining'inia, gari likitua utabaki umenyongwa saa zote, na utapasuka kabla ya wakati wake. Kazi ile haionekani ikiisha. Mzee aliifanya upande wa kushoto, akahamia wa kulia, kwa utulivu uleule.

Mapenzi yetu kwa Impreza yalikolezwa na Safari Rally, aliposhinda nayo dereva Colin McRae mwaka 1997. Gari lile lilijengwa kustahimili mawe na matope yetu. Leo vijana wanalilaza karibu na lami. Sina ugomvi nao. Gari lililoshushwa kwa ustadi hupendeza, tena hushika kona. Kinachoniuma ni haraka. Mashine za kisasa za kupima zinasoma magurudumu yote manne, lakini nimeona anayeziendesha akigeuza ya mbele tu na kumkabidhi mteja karatasi yenye namba nyekundu za nyuma. "Ya nyuma hayarekebishiki," husema. Kumbe boliti ya kugeuza mwelekeo ipo palepale, imeshika kutu kwa kusahauliwa. Mteja huondoka na gari linalotembea upande kama kaa. Magurudumu ya nyuma yakitazama nje, siku ya mvua akikanyaga breki mkia utamponyoka.

Kijana wa kushika taa naye ameshaondoka. Anafunga redio za magari. Mzee hupima peke yake sasa, na kila upande humchukua muda mrefu zaidi.

Wewe uliyeshusha gari lako, mtafute fundi wa namna hii angali anaweza kulala chini ya gari. Mwachie siku nzima, umlipe ya siku nzima, na ukiwa na mdogo wako anayependa spana, mpeleke akamshikie taa.