Gundi, Jua na Rangi ya Gari: Uchambuzi wa Stika za Kampeni Kitui na Makueni

Katika kampeni zilizotangulia uchaguzi mkuu wa Agosti 9, 2022, magari ya Kitui, Wote na Makindu, kama ya kwingineko nchini Kenya, yalisheheni picha za wagombea, na kwa kuwa gari lililoegeshwa laweza kubandikwa na watundu bila ya mwenyewe kujua, swali la iwapo gundi huharibu rangi lina uzito wa kifedha.

Rangi ya kiwandani huwa na tabaka kadhaa: la kuzuia kutu, la prima, la rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Yote kwa pamoja hayazidi sana mikromita 150, yaani sehemu ya milimita isiyofika hata moja ya tano. Lakini kwa kuwa huokwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi, chembe zake hufungamana zikawa wavu mmoja ambao gundi ya stika haiwezi kuuyeyusha. Stika inapovutwa, kinachoachana ni kile kilichoshikamana kwa udhaifu zaidi, na katika gari la namna hii kwa kawaida huwa ni gundi na klia.

Mambo hubadilika kwa gari lililopakwa upya. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na mengi huishia kupulizwa rangi katika gereji za jua kali, pengine juu ya puti isiyopigwa msasa vya kutosha, ambapo kiungo dhaifu ni kile kilicho chini ya rangi. Hapo stika hung'oka na rangi yake, na lawama hutupiwa gundi ilhali kosa ni la fundi wa awali.

Jua la nyanda kavu kama Mutomo na Kibwezi huongeza tatizo kwa njia mbili. Kwanza, joto huilainisha gundi ikapenya katika mikwaruzo midogo, kisha miezi ikipita hukauka na kuwa ngumu. Pili, miale hufifisha rangi iliyo wazi huku ile iliyofunikwa ikibaki ilivyo, hivyo alama ya mraba inayoonekana baada ya stika kutolewa si jeraha la gundi hata kidogo. Iliyoharibika ni rangi inayoizunguka.

Bango la karatasi lililobandikwa kwa uji wa unga ni jepesi kuondoa, maana wanga hulainika kwa maji, ila anayelikwangua likiwa kavu husugua pia mchanga wa barabarani ulionaswa ndani yake, na mchanga huo ni mgumu kuliko klia. Stika ya plastiki hupashwa joto kwanza, ikavutwa polepole ikiwa imekunjwa karibu kulala juu ya bodi, na mabaki yakafutwa kwa mafuta ya taa. Thina haifai, kwani huweza kuilainisha rangi ya kupulizwa ndani ya dakika chache.

Mzaha mbaya kuliko yote ni wa supaglu. Gundi hii hugandishwa na unyevu wa hewani kwa sekunde, na asetoni inayoiyeyusha hushambulia pia rangi, hivyo fundi hulazimika kuisaga kwa msasa laini wa maji na kung'arisha kwa polishi; klia ikiisha kabla ya gundi, paneli nzima hupakwa upya.