Mnyororo na Kalamu: Ramani ya Makaburi Madogo

Makaburi ya kijeshi ya Taveta, upande wa Kenya karibu na mpaka wa Tanzania, si makubwa. Kati ya waliozikwa humo ni askari wa Afrika Kusini walioanguka katika mapigano ya kilima cha Salaita, Februari 12, 1916. Uwanja mdogo wa namna hiyo humpima mpimaji ardhi kuliko mbuga nzima. Kwenye ramani ya wilaya, kosa la hatua moja humezwa na karatasi. Hapa, hatua moja yatosha kumpa maiti jina la jirani yake.

Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea. Alama zilizokuwapo juu ya makaburi mengi zilikuwa misalaba ya mbao yenye vibati vilivyogongwa majina. Mbao huoza, na katika nchi ya mchwa haziozi taratibu. Kwa hiyo ramani ilitakiwa mapema.

Kazi ya mpimaji wa enzi hizo huanza na mnyororo wake wenyewe. Mnyororo wa Gunter una urefu wa futi 66, yaani mita 20 na kidogo, na pingili 100 za waya zilizoungwa kwa vipete. Kila kipete kinapolegea, mnyororo hurefuka unywele mmoja, na vipete ni vingi. Basi kabla ya kupima chochote anaulaza kati ya vigingi viwili ambavyo umbali wake unajulikana, na jioni anaulaza tena. Kila baada ya pingili kumi kuna kibati cha shaba chenye meno: jino moja kwenye kumi, mawili kwenye ishirini, hadi manne kwenye arobaini, na cha duara katikati. Ukivuka katikati meno hupungua tena, hivyo kibati cha arobaini na cha sitini ni kimoja kwa sura. Msaidizi mzuri hasomi meno tu. Hutazama kwanza yuko nusu ipi.

Kisha mstari wa msingi. Fimbo za kulengea husimamishwa, mpimaji huinama nyuma ya ile ya kwanza, na kwa ishara za mkono humsogeza msaidizi kushoto, kulia, kushoto kidogo, mpaka fimbo zote zifichane nyuma ya moja. Mnyororo hunyooshwa juu ya mstari huo. Kutoka hapo hupimwa umbali mfupi wa pembeni hadi kila kaburi, kwa pembe mraba. Pasipo chombo cha pembe, mnyororo wenyewe hutosha: pande za pingili 30, 40 na 50 hufunga pembe mraba kamili.

Ninachokipenda zaidi ni daftari lake. Huandikwa kutoka chini ya ukurasa kwenda juu, kwa sababu ndivyo mpimaji anavyotembea: kilicho kushoto kwake uwanjani kinakaa kushoto kwenye ukurasa. Katikati zinapanda tarakimu za mstari wa msingi. Pembeni, umbali wa kila kaburi, safu kwa herufi na kaburi kwa namba. Tarakimu iliyokosewa haifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja, na iliyo sahihi huandikwa juu yake, ili anayekuja baadaye aone zote mbili.

Mwisho wa siku huja mstari wa ukaguzi, unaokatisha uwanja kona kwa kona. Hauhitajiki kwa kuchora chochote. Hupimwa ili ramani ikishachorwa, urefu wake kwenye karatasi ulinganishwe na urefu wake ardhini. Usipolingana, wote wanarudi uwanjani, jua liwe kali namna gani.

Mezani, penseli ngumu hutangulia. Kwa kipimio cha 1:200, kaburi la mita mbili ni sentimita moja tu, na mstari wenye unene wa robo milimita hufunika sentimita tano za ardhi. Kisha kitambaa cha kunakilia hutandazwa juu ya mchoro, hupakwa unga wa chaki na kufutwa, la sivyo mafuta ya vidole yatakataa wino. Kitambaa hiki kimetiwa wanga. Tone moja la jasho hukiharibu, kwa hiyo mkono hupumzika juu ya kipande cha karatasi. Kalamu ya mistari ina ndimi mbili za chuma na skurubu ya kuzikaza. Wino huingizwa kati yake kidogo kidogo, nje hufutwa pakavu. Mikunjo huchorwa kwanza, mistari minyoofu baadaye, kwa kuwa ni rahisi kuuleta mstari kwenye mkunjo kuliko kuupeleka mkunjo kwenye mstari.

Uadilifu huo wa kupima na kuchora una mpaka wake, na mpaka wenyewe hauna budi kutajwa. Mpimaji huchora kaburi lililopo. Wapagazi waliobeba vita hivyo mabegani walifia njiani kwa maelfu, wengi bila kaburi la kuwekewa namba. Mwaka 2021 ripoti ya Tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Hakuna mnyororo unaoweza kuwapima.

Kwa wale waliopimwa, ramani hufanya kazi hata msalaba ukishaliwa. Mwashi huvuta kipimo kutoka kigingi cha kwanza cha mstari wa msingi, kisha kutoka cha pili. Vinapokutana, hapo ndipo anapochimba shimo la jiwe, na jina analolisimamisha hulisoma kwenye rejesta kwa safu na namba zilezile za daftari.