Sifa za Filamu za Kujazia Muda

Mwaka 1953 BBC ilianza kuwaonyesha watazamaji wake filamu fupi ya mikono ya mfinyanzi mmoja, Georges Aubertin, akifinyanga kwenye gurudumu. Udongo unapanda, unatanuka, unabonyea, unapanda tena. Chungu hakimaliziki. Hakuna anayesema neno, ni muziki tu. Vipindi vingi vya zama zile vilirushwa moja kwa moja kutoka studio, na kimoja kikiisha ilibidi kamera zisogezwe, mapazia yabadilishwe, waigizaji wavute pumzi. Mara nyingine mtambo uligoma tu. Hapo fundi mitambo aliwasha mashine ya filamu, na mfinyanzi akaingia sebuleni mwa watu. Waingereza waliokuwa watoto wakati ule, wazee sasa, bado wanamtaja, hata kama kipindi alichokitangulia kimewatoka kichwani.

Mimi nimemwona ukubwani, kwenye simu. Huku Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, hatukupata televisheni ya namna hiyo. Zanzibar walianza mwaka 1973, tena kwa picha za rangi, ila Bara tulingoja hadi 1994, na vituo vilivyoanza vilikuwa vya biashara. Pengo likawa na bei. Mahali ambapo angekaa mfinyanzi pakakaa sabuni. Kwa hiyo ninachokililia sikuwahi kuwa nacho, na sioni aibu. Watu hulilia hata babu aliyefariki kabla wao hawajazaliwa.

Tulichokuwa nacho ni redio, na betri zilizoanikwa juani zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na ngoma zake kabla ya taarifa ya habari, na ilikuwa na hazina ya muziki wa dansi, mwingi wake ukiwa umerekodiwa katika studio zake yenyewe. Kipindi kikiisha mapema, liliwekwa gitaa bila maelezo, likapiga hadi saa itimie, kisha likakatwa katikati. Hakuna aliyelalamika. Ukataji ule ulikuwa sehemu ya utamu.

Na hapo ndipo ulipo ufundi ninaousifu. Anayetengeneza filamu ya kujazia muda hajui itaonyeshwa kwa dakika ngapi. Pengine moja, pengine nne. Hawezi kuweka kisa, maana kisa kikikatwa mtazamaji ataudhika. Hawezi kuweka kilele, maana huenda kisifikiwe. Kila kipande lazima kijitosheleze, kisiwe bora kuliko kilichotangulia wala duni kuliko kinachofuata. Mjaribu kazi hiyo aone. Wengi wetu tukishika kamera tunakimbilia mwisho: chungu kilichoiva, samaki sahanini, mtu anayetabasamu.

Afrika Mashariki ilipata filamu fupi mapema, ila za tabia nyingine. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri milimani Usambara, Mradi wa Sinema ya Elimu kwa Wabantu ulitengeneza filamu, ukazizungusha kwa lori kutoka mji hadi mji. Zilihusu benki ya akiba ya posta, kodi, minyoo ya safura. Sizibezi, safura inaua. Lakini mkono haukuachwa ufanye kazi yake kwa amani. Kila ulipoinuka, sauti kwenye santuri ilieleza umeinukia nini na mtazamaji naye afanye nini.

Laiti mmoja wa watu wa BBC angepotea njia mwaka ule wa 1953 akafika Karema. Angemkuta Adrian Atiman, bado hai. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu hapa mpaka alipofariki mwaka 1956. Mikono ile ingetosha. Nisingetaka upasuaji, ningetaka anavyonawa, anavyokunja bandeji, anavyopanga vyombo vyake.

Vitu vingine vya hapa nimevipima nikaviacha. Ziwa lenyewe, kwa mfano. Kapteni Cambier, Mbelgiji, alipojenga boma lake hapa mwaka 1879 maji yalikuwa karibu. Kisha Mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, ukazibuka, ziwa likashuka miaka na miaka, na boma likaachwa mbali na maji. Ni filamu nzuri isiyoweza kupigwa. Meli ya Liemba nayo haifai. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na kwa miaka mingi ilisimama mbali na ufuko wetu, abiria wakaifuata kwa mitumbwi, mizigo ikirushwa juu na kelele chini. Hilo ni tukio, na tukio huharibu filamu za aina hii. Mtazamaji ataanza kuuliza kama yule mama mwenye marobota ya dagaa amefanikiwa kupanda.

Dagaa wakianikwa mchangani? Karibu sana. Mkono unatupa, wanatawanyika, wanameta, mkono unatupa tena. Lakini jua litawakausha, na kukauka ni mwisho.

Nyavu, basi. Mzee ameketi, wavu umetegwa kwenye kidole gumba cha mguu ukavutika, sindano ya mti inaingia kwenye tundu, inazunguka, inakaza fundo, inahamia tundu la pili. Wavu ukipona upande huu, usiku utakwaruzwa na mawe upande ule. Kamera iwekwe chini, usawa wa goti, isisogee. Mzee akianza kuona haya atauliza filamu yenyewe inaisha saa ngapi. Aambiwe: mtangazaji akishakuwa tayari.